Duka la Mangi limejaa unga, lori la msaada nalo linashusha unga. Hii hesabu kaifanya nani?

#1 Kijana_wa_Kahe
Wakuu, habari za jioni.

Masika yanakaribia tena na swali langu la mafuriko ya Aprili 2024 halijapata jibu. Mimi ni wa Kahe. Maji yalipopungua, kama siku ya tano, likaja lori limejaa sembe. Tukapanga foleni shuleni, tukapewa. Nashukuru, nilikula, sijakataa. Lakini hatua chache kutoka pale duka lilikuwa wazi, unga wa kilo tano na wa kilo kumi umepangwa mpaka unagusa dari, na mwenye duka kakaa kwenye kreti ya soda anapiga miayo. Wiki ile hakuuza kitu. Haukupita muda akafunga, na mpaka leo tukitaka kiberiti tunapanda bodaboda.

Swali: kabla ya kupakia lori, kuna mtu anayekwenda sokoni kuuliza kipo nini na hakipo nini? Au wanaamka tu wanapakia?

#2 Shemeji_wa_Taifa
Nimeweka kiti. Mwenye kahawa alete.

#3 Mpare_Mtulivu
Jibu ni rahisi, aisee. Lori linapigwa picha. Ukimpa mtu elfu thelathini akanunue unga kwa Mangi, picha utapiga nini, vidole vyake? Tuhamie mada nyingine.

#4 Mama_Sado
Mpare, usifunge mada ya watu. Mimi nauza nafaka Mbuyuni hapa Moshi miaka mingi, nikwambieni kitu. Duka kujaa si dalili ya shibe. Duka la kijijini likiwa zima linapungua leo, keshokutwa linajazwa. Ukiona limejaa wiki nzima halipungui, jua wateja hawana hela. Waliokuwa wanakula kibarua cha mpunga shamba lao liko ndani ya maji, nani atawalipa? Kwa hiyo mleta mada, duka lile lilikuwa na njaa kama nyinyi.

#5 Mtathmini_Mstaafu
Mama Sado kanitangulia. Nimewahi kushika dodoso kwenye kazi hizi, nieleze kidogo.

Mleta mada, huwa wanakwenda. Si wote, na wengi huchelewa. Kuna utaratibu unaitwa EMMA, ulitoka 2010, ulitungwa kwa ajili ya swali lako hilihili. Hauishii kuuliza watu wanahitaji nini. Unachagua vitu vichache ambavyo bila hivyo maisha hayaendi, tuseme unga, maharage, ndoo na mabati, halafu kila kimoja unakichorea safari yake kwenye karatasi kubwa: mkulima wa Kiteto, dalali, lori, mashine ya kusaga, muuzaji wa jumla Moshi mjini, Mangi, mama mwenye sufuria. Unachora mara mbili. Mchoro wa kwanza ni hali ya mwezi kama huu kwenye mwaka wa kawaida, maana mahindi ya Machi na mahindi ya Agosti hayana bei moja hata mvua isipoleta balaa. Mchoro wa pili ni hali ya leo. Palipokatika unapiga msalaba mwekundu, na msaada unatakiwa uende kwenye msalaba.

Bei nazo zinasema ukizisikiliza. Chukua bei ya unga mjini na ya kijijini. Tofauti ikizidi nauli kwa mbali, iliyokufa ni njia. Zikiwa karibu sawa na duka limejaa, kilichokufa ni mfuko wa mnunuzi. Ikiwa juu kote, kuanzia Kahe mpaka Kilombero Arusha, hapo ndipo lori la kutoka mbali lina kazi ya kufanya.

Ule utaratibu ulijaribiwa kwa nguvu Haiti baada ya tetemeko la 2012.

#6 Msomi_wa_Ushirika
Mstaafu, tetemeko la Haiti ni 12 Januari 2010. Mengine nakubali.

Na Haiti ina somo lake kwenye mchele. Mwaka 1995 walishusha ushuru wa mchele wa kutoka nje mpaka asilimia 3, mchele wa Marekani wenye ruzuku ukamiminika, wakulima wao wakaanguka. Machi 2010 Bill Clinton mwenyewe alisimama mbele ya maseneta akakiri kuwa sera ile lilikuwa kosa. Sasa fikiria umshushie mchele wa bure mkulima wa skimu ya Lower Moshi wiki anayovuna.

Anachosema Mama Sado nacho ni cha zamani. Njaa ya Bengal 1943 iliua zaidi ya watu milioni mbili, na Amartya Sen, aliyeiona akiwa mtoto na baadaye akapata Nobel ya uchumi 1998, alionyesha kuwa chakula hakikuwa kimepungua kiasi cha kueleza vifo vile. Watu walikosa uwezo wa kukifikia.

#7 Shemeji_wa_Taifa
Msomi umetoka Bengal kuja Kahe bila nauli. Hongera.

#8 Mangi_wa_Mabogini
Nimesoma yote, ngoja na mwenye duka aongee.

Duka langu halikujaa. Maji yaliingia usiku yakafika rafu ya pili. Sukari ikawa uji, chumvi ikaisha yenyewe, unga wa chini ukavimba ukapasua mifuko. Lakini hasara haikuwa hiyo. Hasara ilikuwa kaunta buku.

Mnajua duka la kijijini linavyokwenda. Nusu ya mauzo ni "Mangi andika". Kitabu changu kilikuwa kwenye droo ya chini. Asubuhi nimekitoa kizito kama tofali. Nikakianika juu ya bati, nikawa nabandua karatasi mojamoja kwa ncha ya kisu cha mkate. Majina niliyaandika kwa peni nyeusi, yakabaki. Tarakimu kwa bluu, zikawa wingu. Mama fulani, wingu. Mwalimu fulani, wingu. Nikageuza ukurasa hivyohivyo mpaka mwisho.

Na mimi nilichukua mzigo mjini kwa mali kauli. Yule tajiri hana ubaya, aliniambia tu, lipa wa kwanza ndipo upate wa pili. Nilipe na nini? Kwa hiyo mjini unga ulikuwepo, barabara siku ya tatu ilipitika, wateja wangu wengine walitumiwa hela na watoto wao, na duka bado tupu. Mstaafu, msalaba wako hapo unauweka wapi?

#9 Mpare_Mtulivu
Mchaga asahau deni? Mangi, kitabu hata kingeungua na moto ungelitaja deni la kila mtu kwa kichwa, senti kwa senti.

#10 Mangi_wa_Mabogini
Nakumbuka lako la 2019 vizuri tu. Hilo limeandikwa kwa peni nyeusi.

(Kwa ukweli, wako waliokuja wenyewe, "Mangi nadaiwa elfu nane". Bibi mmoja alitaja zaidi ya nilivyodhani. Wako pia wanaopita njia ya nyuma mpaka leo.)

#11 Mtathmini_Mstaafu
Mangi, umenikamata. Msalaba wako unakaa kati yako na tajiri wa mjini, kwenye mali kauli. Na nikiri, dodoso letu lilikuwa na swali: "Wateja wakiongezeka mara mbili wiki ijayo, utaweza kuwahudumia kwa bei hiihii?" Kila mfanyabiashara alijibu naweza. Hatukuuliza kwa hela ya nani.

Dawa ya hapo ingekuwa kumpa mwenye duka mtaji kidogo, au mtu kumdhamini kwa tajiri, mzigo uje wenyewe. Tuliwahi kupendekeza hivyo mahali. Bosi akasema hatukuja kusaidia wenye maduka.

#12 Dada_Pasua
Na hapo ndipo penye shida. Mwenye duka anaonekana tajiri kwa sababu ana bati na friji.

#13 Ole_Longido
Habari wadau. Nyinyi mnaongea mafuriko, sisi kwetu ni ukame, na hesabu inageuka.

Ukame wa 2009 nilikuwa kijana. Wakaja watu na makaratasi, wakauliza bei ya mahindi Longido, wakauliza bei ya mahindi Namanga. Imepanda kidogo, si ya kutisha. Wakaandika hali inaridhisha. Hakuna aliyekwenda mnadani. Mnadani dume la baba, ambalo mwaka wa nyuma lingerudi na mahindi ya kujaza pikapu, wanunuzi walikuwa wanalipita kama wanapita kisiki. Limekonda, halisimami vizuri, na kila mtu kaleta la kwake siku hiyohiyo. Mwisho baba aliliuza kwa hela isiyotosha gunia moja. Jingine lilifia njiani kurudi.

Kwa Mmaasai bei ya mahindi peke yake haisemi kitu. Uliza ng'ombe mmoja au mbuzi mmoja anarudi na debe ngapi. Ukame wa juzi, 2021 kuingia 2022, uliua tena mifugo mingi, Simanjiro huko ndio usiseme, na bado niliona mtu anauliza bei ya sembe.

#14 Msomi_wa_Ushirika
Ole, hili lako ni zito kuliko la Bengal. Asante.

#15 Bodaboda_Himo
Debe la mahindi ni kilo 20, kwa wasiojua.

#16 Mama_Sado
Siyo, mwanangu. Debe ni lita 20. Ukijaza mahindi makavu na kuyaweka kwenye mzani unapata kama 17 au 18. Debe sita ndiyo gunia la kilo mia, na rumbesa ni dhambi yake yenyewe.

Na hapa niwape siri ya soko, Mstaafu uiandike. Sisi rejareja hatuuzi kwa kilo, tunauza kwa sado, kile kikopo cha rangi cha lita nne. Sado ina kichwa. Siku za raha unamwaga mpaka nafaka inafanya mlima, unamtilia mteja kidogo cha nyongeza, anaondoka anacheka. Mambo yakibana, bei siigusi, maana nikiipandisha anakwenda kwa jirani. Napunguza mlima. Wiki ya kwanza kichwa kinakuwa kilima, wiki ya pili napitisha mkono juu, sawasawa na ukingo. Bei ni ileile.

Anakuja kijana wa makaratasi, "Mama, sado ya maharage bei gani?" Namwambia. Anaangalia ya mwezi uliopita, anaandika haijabadilika, anakwenda zake.

#17 Mtathmini_Mstaafu
Naomba nikae chini kwanza.

#18 Shemeji_wa_Taifa
Kwa hiyo Mama Sado miaka yote umeninunulisha maharage ya mkono juu?

#19 Mama_Sado
Wewe unakuja na gari, wewe siyo kipimo cha kitu.

#20 Dada_Pasua
Turudi kwenye mada. Mimi naona jibu ni hela taslimu kwenye simu, kila kaya. Anayetaka unga anunue unga, anayetaka daftari la mtoto anunue. Duka la Kahe lingepona, na Mangi angelipwa madeni yake, hata yale ya wingu.

#21 Mzee_wa_Machame
Dada, hela ukimpa baba mwenye nyumba inaishia kwenye mbege. Unga haunyweki.

#22 Dada_Pasua
Mzee wangu shikamoo. Unga hauuzwi? Nimeona kwa macho yangu mfuko wa msaada unauzwa nyuma ya kilabu kwa nusu ya bei, anayeuza ni huyohuyo baba. Tofauti ni kwamba amepata hasara njiani. Halafu hela itumwe kwenye laini ya mama.

#23 Mzee_wa_Machame
Marahaba. Na laini ya mama imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

#24 Bodaboda_Himo
Hapo mzee kapiga penyewe. Na kuna jingine. Wakala wetu wa kijijini hela taslimu aliyonayo haifiki laki tano. Watumiwe watu mia tatu hela siku moja, atawatolea kumi na tano, wengine watalala barazani. Baada ya mafuriko umeme ulikuwa hakuna, simu zilikuwa zinachajiwa kwenye pikipiki yangu. Soko la pesa nalo ni soko, lichoreeni ramani yake.

#25 Msomi_wa_Ushirika
Hela zimefanya kazi mahali pagumu zaidi. Somalia, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa Julai 2011, malori hayakuweza kuingia maeneo mengi. Mashirika yakapitisha fedha na vocha kwa wafanyabiashara na mawakala wa hawala, zikawafikia watu zaidi ya milioni moja. Wafanyabiashara ndio waliojua njia ipi inapitika.

#26 Kasulu_Moshi
Na hapa kwetu? Nimeishi Kasulu. Kambi ya Nyarugusu walianza kuwapa wakimbizi hela badala ya mgao wa chakula, serikali ikasimamisha 2017. Waliobaki wanalia ni pamoja na wenye maduka wa vijiji vya jirani waliokuwa wameshajaza mzigo. Kupimwa soko ni jambo moja, kuruhusiwa ni jingine.

#27 Bibi_wa_Kiborloni
Jamani hamjagusa nguo. Mimi ni mitumba, Kiborloni. Lile tope la Katesh la 2022 tulichanga nguo marobota kwa marobota. Nilisaidia kupanga zinazokwenda. Makoti ya baridi ya Ulaya, viatu vya kisigino, gauni la harusi moja lenye mkia. Aliyerudi kutoka kule akasema watu walikuwa wanaulizia mabuti ya mpira, makoleo ya kuchimbia tope, khanga na sufuria.

#28 Kijana_wa_Kahe
Bibi, Katesh ni 3 Desemba 2023, tope la Mlima Hanang. Lakini gauni la mkia limeniua.

#29 Arachuga_Dereva
Nilipeleka mzigo kule kutoka Arusha, niwatetee wa malori. Nyinyi mnasema kaulize sokoni. Katesh tope lilifunika soko lenyewe, maduka, mashine, vyote. Watu zaidi ya 80 walikufa. Ungemuuliza nani bei ya sado? Siku zile lori ndilo lilikuwa duka.

#30 Mtathmini_Mstaafu
Siku zile, sawa, kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza peleka chakula, maji, blanketi, usisubiri mchoro. Lakini Babati ilikuwa wazi na barabara ya lami ipo. Mzigo mwingi ungenunuliwa hapo.

#31 Arachuga_Dereva
Babati nilipita. Kwenye duka moja la jumla niliulizia magodoro, akaniambia yameisha jana, na yaliyobaki bei ilikuwa mpya. Kila kikundi cha kanisa na msikiti kilikuwa kinanunua palepale. Kwa hiyo nanyi mkisema "nunueni karibu", karibu napo panachemka. Mwenyeji wa Babati ambaye hakupata tope analala wapi?

#32 Mtathmini_Mstaafu
Hilo ni kweli.

#33 Afisa_Mchovu
Nimekaa kimya ila mnasema sana, nijitokeze. Nimefanya kazi kwenye kamati ya maafa ya mahali fulani. Nyinyi mnadhani asubuhi ya mafuriko nina mfuko wa hela nachagua kati ya lori na Mangi. Sina. Kuna mahindi ya NFRA, wakala wa serikali wa hifadhi ya chakula, kanda ya Arusha ghala lipo, mahindi yale yamenunuliwa tayari na lazima yazunguke kabla hayajaharibika. Hayo naweza kuyaomba kwa barua. Hela ya kununua dukani kwa Mangi inataka bei tatu za ushindani na stakabadhi, na Mangi kitabu chake kimelowa. Na wafadhili wa hapahapa wanaleta walichonacho: mwenye kiwanda cha unga analeta unga, mwenye mitumba analeta gauni la mkia. Nitamrudisha getini?

#34 Mpare_Mtulivu
Kwa hiyo si picha tu.

#35 Afisa_Mchovu
Na picha pia. Sikatai.

#36 Ole_Longido
Afisa, lakini mahindi ya ghala yakija kwetu wakati Wakenya nao wamefunga mpaka, mnafanya mambo mabaya zaidi. Machi 2021 Kenya walizuia mahindi yetu kwa habari ya sumukuvu, malori yakasimama Namanga. Mahindi tele, bei chini. Angekuja mtu wiki ile akapima soko la Namanga angesema msaada hautakiwi kabisa. Tathmini ya soko ina tarehe kama maziwa.

#37 Mama_Sado
Kichwa cha sado wiki ile kilikuwa mlima Meru.

#38 Shemeji_wa_Taifa
Ungesema Kilimanjaro, wewe ni wa Moshi.

#39 Mama_Sado
Kilimanjaro ni hasara, mwanangu. Nina watoto shuleni.

#40 Kijana_wa_Kahe
Wakuu, nimerudi. Baada ya kusoma ya Mangi nilimtafuta yule mwenye duka wetu, siku hizi yuko Boma Ng'ombe. Nikamuuliza, lile lori ndilo lililokuua?

Kasema hapana. Kasema ule unga uliogusa dari haukuwa wake, aliwekewa na tajiri auze kwa kamisheni, na tajiri alikuja kuuchukua wiki ya pili, hakupata hasara. Kilichomfungisha ni kwamba skimu ilijaa mchanga, watu hawakulima mpunga msimu ule, vijana wakaondoka kutafuta kibarua, na kijiji kikishaondokwa na vijana huuzi kitu. Eti alishaanza kutafuta fremu Boma kabla hata lori halijafika.

Ila mke wake alikuwa pembeni, akaingilia: "Usimdanganye mtoto. Lori lingekuja wiki moja baadaye tungeuza tukalipa kodi." Wakaanza kubishana, nikaaga.

#41 Msomi_wa_Ushirika
Kwa hiyo hapo pa kupima palikuwa mifereji ya skimu, siyo unga. Mchanga ungezolewa kwa kulipa vibarua...

#42 Mangi_wa_Mabogini
Au mke yuko sahihi. Mwenye duka mwanamume hakubali kwamba kafilisika, atakwambia amehama.

#43 Mpare_Mtulivu
Mangi hilo umelitoa kwa uzoefu?

#44 Mangi_wa_Mabogini
Mpare, elfu kumi na mbili. Peni nyeusi.

#45 Bodaboda_Himo
Mwenye kujua, wanaoweka vyakula stoo kabla ya masika wananunua wapi mwaka huu? Nina pikipiki mbili zimekaa bure.

#46 Mama_Sado
Njoo Mbuyuni alfajiri, uliza sado. Ukikuta mkono juu, rudi ukanunue mapema.